Fainali ya hoki ya barafu: Florida wanauma huku wanapuliza

Makoti Mawili · 10 Juni 2025

Wakuu, sijalala. Jana Florida Panthers wametupiga 6-1 kule Sunrise, mechi ya tatu ya fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na sasa wanaongoza mbili kwa moja, wa kwanza kushinda mechi nne ndiye bingwa. Kufungwa nimezoea. Mimi ni wa Edmonton Oilers, mwaka jana tulifungwa na hawahawa mechi ya saba, 2-1, baada ya kutoka nyuma mechi tatu kwa sifuri. Kinachonikera safari hii ni namna.

Kwa wasionijua: kwetu Tanga, naishi Edmonton mwaka wa tisa. Hoki nilifundishwa na Wafilipino wawili ghalani, zamu ya usiku, tunakula wali huku simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Msimu wa kwanza sikuwa naiona hata paki, kile kisahani cheusi wanachogombania. Nilikuwa nasubiri wachezaji wainue mikono ndiyo najua bao limeingia. Leo naona ofsaidi kabla ya mshika mstari.

Sasa sikilizeni. Mashabiki wa Florida wakishinda wanatupa panya wa plastiki kwenye barafu. Ni desturi yao toka msimu wa 1995/96, mchezaji wao Scott Mellanby alipoua panya kwa gongo lake la hoki kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akatoka akafunga mabao mawili. Na timu yenyewe imefanana na mnyama wake. Panya anakuuma huku anapuliza, usiku hushtuki, asubuhi ndiyo unaona kidole kina tundu. Watazameni baada ya filimbi. Sam Bennett anateleza hadi kwa kipa wetu, "kwa bahati mbaya" anamwangukia, anainuka anampapasa mgongo. Brad Marchand anapita anakuchomeka gongo mbavuni, refa akigeuka anakuta mtoto wa madrasa. Ukirudisha, unayeonekana ni wewe, maana refa siku zote anaona ngumi ya pili. Jana Trent Frederic wetu uvumilivu ukamwisha, akamtandika Bennett gongo mpaka likakatika. Vurugu uwanja mzima.

Na mechi ya kwanza, huyohuyo Bennett kamwangukia kipa wetu Skinner golini, bao likakubaliwa! Kocha akapinga, wakaangalia video, wakasema halali, halafu SISI tukapewa adhabu ya dakika mbili kwa kupinga. Nani ananielewesha?

---

Binti wa Buguruni · 10 Juni

Kaka samahani, nimeona sehemu wameandika mechi hiyo ilikuwa na dakika 140 za adhabu. Mechi si dakika 60? Hizo nyingine mmezitoa wapi, mmekopa?

---

Makoti Mawili · 10 Juni

Dada hapo umenichekesha na hali yenyewe hii. Zinajumlishwa za wachezaji wote wa timu zote mbili. Kosa dogo unakaa dakika 2 kwenye boksi, timu yako inabaki na wanne dhidi ya watano. Wakikufunga kabla hazijaisha, unatoka. Kupigana ngumi ni dakika 5. Utovu wa nidhamu ni 10, lakini hiyo nafasi yako anaziba mwingine. Sasa wapigane watu kumi kwa mkupuo, wewe jumlisha.

---

Chui wa Jacksonville · 10 Juni

Mkuu pole sana, ila maelezo yote haya marefu na hujataja kwamba Marchand alifunga sekunde ya 56. Refa alikuwa hajapata hata muda wa kukosea. Skinner kafungwa matano, katolewa, kaingia Pickard. Refa ndiye aliyekuwa golini?

Mnatuita panya, sawa, tumekubali, tunawanunua wa plastiki kwa hela yetu. Lakini mbona hamsemi tunachezaje? Tunatupa paki nyuma ya goli lenu, mmoja anamfuata beki kwa kasi, wawili wanaziba njia za pasi, beki wenu ana sekunde moja ya kuamua na anajua kuna kilo tisini zinakuja. Hiyo ni kazi, wanaifanya kila zamu, sekunde arobaini kwa sekunde arobaini, mpaka mtu achoke. Barkov ni nahodha na anakaba kuliko mabeki. Nyie mna McDavid na Draisaitl mnasubiri muujiza. Muujiza ukichelewa mnamlilia refa.

---

Majani Makavu · 11 Juni

Nipisheni, hapa kuna kidonda cha zamani. Toronto Maple Leafs, kombe la mwisho 1967. Raundi ya pili mwaka huu tulikuwa tunawaongoza hawa Florida mbili kwa sifuri. Mechi ya kwanza Bennett alimpiga kipa wetu Stolarz kiwiko cha kichwa. Adhabu? Hamna. Stolarz akatoka, hakurudi tena. Tukamaliza na kipa wa pili, mechi ya saba nyumbani kwetu tukalala 6-1.

Halafu huyo Marchand. Akiwa Boston ametutoa mechi ya saba 2013, 2018, 2019 na 2024. Tukasema alhamdulillahi, Machi wamemuuza, kaenda mbali. Akaenda Florida, akatutoa mechi ya saba 2025. Huyu si mchezaji, ni deni.

Kichekesho ni kwamba Mei 2024 huyo Bennett alimpiga ngumi Marchand, Marchand akakosa mechi mbili. Leo wako timu moja, wanakumbatiana kama watu waliokuwa wanagombania shamba wakaishia kuozeshana watoto.

---

Filimbi Mbovu · 11 Juni

Hoki siijui, ila refa namjua. Nimepuliza ligi ya mkoa Morogoro miaka kumi na moja na naomba niwatetee wenzangu kidogo.

Siku moja nilitoa penalti dakika ya ishirini. Filimbi ilivyotoka tu mdomoni nikajua nimekosea, beki alikuwa amegusa mpira kwanza. Huwezi kuirudisha, hakuna video, kuna mashabiki mia tatu na mti mmoja wa mwembe. Kuanzia pale, kila mchezaji wa timu iliyoonewa akianguka karibu na goli, kidole kilikuwa kinatafuta filimbi chenyewe. Sikula hela ya mtu. Ni nafsi inataka kulipa. Dakika ya sabini nikawapa ya kwao, na ilikuwa mbovu kuliko ya kwanza. Timu zote mbili zikanifukuza.

Nikasoma kuhusu refa wa ligi yenu, Tim Peel, mwaka 2021, kipaza sauti kilimnasa mechi ya Nashville na Detroit akisema alikuwa anatafuta kuwapa Nashville adhabu mapema. Ligi ikamwondoa moja kwa moja. Dunia nzima ikashangaa. Mimi sikushangaa, nilishangaa tu kwamba alisema kwa sauti.

Swali langu kwa wajuzi: marefa wenu wanaamuaje kipi wapulize na kipi waache kwenye mtoano? Maana naona kama kuna vitu viwili tofauti mnavichanganya.

---

Wembe wa Panari · 11 Juni

Refa umeuliza vizuri, wacha nijaribu. Mimi niko Nairobi, nimeteleza kwa ile barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, palepale Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, wanafanyia mazoezi. Ni ndogo, si saizi ya uwanja kamili, na siku ya kwanza nilianguka hadi watoto wa birthday wakaacha keki kuniangalia.

Kwa hoki kuna sheria ambayo refa hana la kufikiria. Mfano: ukiwa eneo lako ukaipiga paki ikaruka juu ya kioo ikaenda kwa mashabiki moja kwa moja, ni dakika mbili. Hata kama hukukusudia, hata kama ni dakika ya mwisho. Iko hivyo tangu 2005. Marefa wanaulizana tu, iligusa kioo ama haikugusa?

Halafu kuna zile za kukadiria. Kumsukuma mtu na gongo umelishika mikono miwili, kumshika shati, kumgonga kipa. Hizo zinafanyika kila zamu. Msimu wa kawaida wanapuliza nyingi. Mtoano ukifika, hasa dakika za mwisho ama muda wa nyongeza, wanameza filimbi, ati "wacha wachezaji waamue".

Matokeo yake? Mechi ya kwanza ya hii fainali, muda wa nyongeza, watu wamesukumana usiku mzima hakuna kitu. Nosek wa Florida paki ikamponyoka ikapita juu ya kioo. Dakika mbili! Draisaitl akafunga, zimebaki sekunde 31 kwa hicho kipindi. Edmonton wakashinda 4-3. Kosa la mtu aliyeteleza mkono ndiyo lilimaliza mechi, na la mtu aliyekusudia halikuandikwa mahali.

Makoti, hiyo moja ulinyamaza, bana. Haukuona refa hapo?

---

Makoti Mawili · 11 Juni

Hiyo ilikuwa sheria.

---

Chui wa Jacksonville · 11 Juni

😂😂😂

---

Filimbi Mbovu · 11 Juni

Wembe, ahsante, sasa nimeelewa. Kuna sheria za jicho na sheria za kukadiria. Timu ya kijanja haivunji za jicho. Inakwenda kuishi kwenye za kukadiria, inafanya makosa ishirini madogo, kwa sababu inajua refa hawezi kupuliza yote ishirini. Akipuliza manne watu watamlaumu kwamba ameua mchezo. Yale kumi na sita yanabaki faida. Mjomba, hiyo si rushwa wala upendeleo, ni hesabu.

Ila na kupuliza nako kuna mauti yake. Nimetazama ile ya 2019, San Jose na Vegas, mechi ya saba. Vegas wanaongoza 3-0 kipindi cha mwisho. Mchezaji wao Eakin akamsukuma Pavelski, Pavelski akaanguka vibaya, kichwa kwenye barafu, damu. Refa akaona damu akatoa adhabu ya dakika 5, na hiyo kubwa hata ukifungwa hutoki, unakaa mpaka iishe. San Jose wakafunga manne ndani ya adhabu ile moja, wakaja kushinda 5-4 muda wa nyongeza. Ligi ikawaomba Vegas radhi, na msimu uliofuata marefa wakaruhusiwa kuangalia video kabla ya kuthibitisha adhabu kubwa.

Nimemtazama yule refa uso ule wakati anaonyesha mkono. Amemwona mtu anatoka damu, akapuliza damu. Mimi pia ningepuliza.

---

Majani Makavu · 12 Juni

Na asiyeona damu je? 1993, nusu fainali, mechi ya sita, Toronto na Los Angeles. Gongo la Gretzky lilimchana Gilmour wetu kidevu. Refa Kerry Fraser hakuliona. Gretzky akabaki uwanjani, akafunga muda uleule wa nyongeza, mechi ya saba akatumaliza kwa mabao matatu. Nilikuwa darasa la tatu Moshi, sijui hata barafu nje ya friji. Nimehamia Toronto 2011 nikakuta kidonda kinarithiwa kama shamba.

---

Makoti Mawili · 12 Juni, usiku

MECHI YA NNE, KIPINDI CHA KWANZA 0-3. Tkachuk wa Florida mawili, yote tukiwa pungufu. Lundell moja. Skinner katolewa tena. Nimezima. Naenda kulala, kesho kazi.

---

Mwana Bukavu · 12 Juni, usiku

Ndugu Makoti usizime! Niko hapa Edmonton na wewe, niko chini ya skrini kubwa nje ya uwanja. Ni mbili kwa tatu sasa. Bazungu banalia, mimi nalia nao na sijui kwa nini.

---

Wembe wa Panari · 13 Juni, alfajiri

Niko macho tangu saa tisa usiku. 3-3! Sasa 4-3 Edmonton! Walman! Mke wangu ameuliza kama nina ugonjwa.

Zimebaki sekunde 19 Reinhart amesawazisha. Sekunde kumi na tisa na nusu. Naenda kuchemsha chai.

---

Mwana Bukavu · 12 Juni, usiku

DRAISAITL!!! 5-4!!! La nne lake la muda wa nyongeza mtoano huu!!! Makoti uko wapi???

---

Makoti Mawili · 13 Juni

Nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimelala kweli.

Nimeamka saa kumi na moja nakuta jumbe 64. Nimetazama marudio nikiwa na soksi moja. Ile ya Bennett kwenye nyongeza, Pickard ameigusa kwa ncha ya glovu ikagonga mwamba wa juu. Ncha ya glovu, wakuu. Ingepanda kidogo tu tungekuwa tunazika. Mbili mbili. Nimechelewa kazini na msimamizi hakusema kitu, naye alikuwa ana macho mekundu.

---

Binti wa Buguruni · 13 Juni

Nimeitazama ile ya dakika kumi waliyoikata. Nilidhani nitachoka. Kwanza niwaambie kitu ambacho hamjasema: hawa watu wanabadilishana wachezaji mchezo ukiendelea! Wanaruka ukuta wanaingia, wengine wanaruka wanatoka, hakuna kibao cha namba, hakuna kupeana mikono. Kama daladala ya Gongo la Mboto saa mbili asubuhi.

Pili, Marchand ndiye yupi? Yule mfupi anayecheka cheka?

---

Chui wa Jacksonville · 13 Juni

Huyohuyo. 2018 aliwahi kumlamba mpinzani uso katikati ya mechi. Usiniulize kwa nini.

---

Binti wa Buguruni · 13 Juni

KUMLAMBA???

---

Makoti Mawili · 14 Juni, usiku

Mechi ya tano, tumefungwa 5-2. Nyumbani kwetu. Marchand mawili. Sitaki maswali.

---

Filimbi Mbovu · 15 Juni

Pole mjomba. Lile la pili nimelirudia. Anakwenda peke yake dhidi ya walinzi, anabadilisha mguu, anamwacha beki anaelekea Dodoma yeye yuko Iringa. Hapo hakuna refa. Mtu ana miaka 37.

---

Chui wa Jacksonville · 17 Juni, usiku

BINGWA MARA YA PILI MFULULIZO. 5-1. Reinhart MANNE. Mara ya mwisho mtu kufunga manne mechi moja ya fainali ni Maurice Richard, 1957. Bennett kachukua tuzo ya mchezaji bora wa mtoano, mabao 15. Makoti njoo, sitakucheka. Nitacheka kidogo.

---

Majani Makavu · 18 Juni

Timu ya Kanada ya mwisho kutwaa kombe bado ni Montreal, 1993. Mwaka ule ule wa kidevu cha Gilmour. Nalitaja tu.

---

Makoti Mawili · 18 Juni

Nimekuja. Nilitaka kuandika mengi juu ya marefa na nimeyafuta, maana jana hawakuhusika. Nilikaa na Wafilipino wangu, mmoja ana fulana ya mshambuliaji wetu Hyman, na Hyman mwenyewe hakucheza fainali yote, aliteguka kifundo cha mkono dhidi ya Dallas. Kila tukipata paki, kabla haijatulia kwenye gongo kuna mtu wa Florida keshafika. Kila mara. McDavid, mchezaji mwenye kasi kuliko wote duniani, alikuwa anapewa paki akiwa amesimama. Mabao mawili ya mwisho ya Reinhart goli letu lilikuwa tupu, tumemtoa kipa kutafuta mabao. Kipa wao Bobrovsky kafungwa moja. Huko kusukumana sikuona sana, labda hawakuhitaji.

Ila msinilazimishe kusema ni mchezo safi. Anayejua refa atapuliza manne kati ya ishirini, akayafanya yote ishirini, ana akili. Usafi ni kitu kingine.

---

Chui wa Jacksonville · 18 Juni

Nakubali nusu ya kwanza.

---

Binti wa Buguruni · 18 Juni

Mimi nimeshachagua timu na naomba msinitukane. Nawataka wale wa panya. Msimu unaanza lini?

---

Wembe wa Panari · 18 Juni

Oktoba. Na ukikuja Nairobi nakupeleka Panari uanguke mwenyewe. Kenya iliingia shirikisho la dunia 2024, sasa tuna haki ya kulalamikia marefa rasmi.

---

Filimbi Mbovu · 19 Juni

Makoti, kabla hujaondoka. Lile bao la mechi ya kwanza ulilolalamikia mwanzo kabisa, Bennett kumwangukia Skinner. Nimelitazama polepole. Usimtazame Bennett. Tazama gongo la mwenzenu Arvidsson, liko kwenye miguu ya nani?

---

Makoti Mawili · 19 Juni

Mzee, hilo nimelitazama mara mia.

---

Filimbi Mbovu · 19 Juni

Ulikuwa unamtazama Bennett.

---

Makoti Mawili · 20 Juni

Nimetazama. Arvidsson kamkata ngwala, ndiyo maana kaanguka. Ningekuwa refa ningelikubali.

La Stolarz silisamehe.

---

Majani Makavu · 20 Juni

Ahsante.